Pikipiki ya Kijani na Chai ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Teke la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu ikakohoa, ikawaka. Kuna kitufe cha kuiwasha kwa umeme, najua. Lakini asubuhi napenda kuipiga teke. Nikibonyeza kitufe naona kama nimeiba mtihani.

Nyumbani Ngara hadi shuleni Loresho, kupitia Museum Hill na Waiyaki Way. Barabara ya chini, kwa sababu ile ya juu hairuhusu pikipiki. Fundi wa dukani alisema nisizidi mwendo wa hamsini mpaka sevisi ya kwanza, injini izoee kazi. Hamsini kwenye Waiyaki Way ni kuomba matusi. Nimetukanwa kwa lugha tatu leo, na mmoja wa waliotukana, mzee ndani ya gari jeupe, alitumia Kigujarati akidhani chini ya helmeti kuna mtu asiyekijua.

Niliyoyaona mpaka sasa. Kiti kigumu. Vioo vinatetemeka, kwa hiyo gari lililo nyuma ni rangi tu. Gia ya nyutro huipati kwenye taa nyekundu, unaipata usipoitaka. Mafuta inanusa tu. Sauti nzuri, nzito, haina haraka. Taa ya mbele ya duara, tangi la kijani cha chupa, magurudumu ya spoku. Kila mtu anadhani ni ya zamani. Askari wa lango la shule ameniuliza kama niliirithi kwa babu. Nikamwambia ni mpya, imetoka dukani majuzi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jioni Mama alipika chai kama kawaida. Tangawizi, iliki, maziwa mengi. Akanimiminia. Yeye hakunywa. Alisema tumbo.

Jumatano, 5 Machi

Si tumbo. Leo nimemsukumia kikombe mbele yake, akakirudisha. Alisema neno moja tu, kwamba ameacha.

Kwa hiyo ni badha. Kwetu Wagujarati mtu akitaka jambo kwa Mungu huacha chakula anachokipenda mpaka ajibiwe. Shangazi yangu aliacha wali hadi binti yake apate mume, na binti mwenyewe hakuwa na haraka. Badha ina mwiko mmoja: haiulizwi. Mwenye kuiweka akiitaja sababu yake, nguvu yake inavuja. Basi watu hawaulizi, wanakisia. Hapa hata kukisia hakuhitajiki. Pikipiki imeingia Jumamosi, chai imetoka Jumapili.

Nimekasirika. Mwanamke aliyekuwa akinywa chai kabla ya kusali, baada ya kusali na akisubiri watu wa kunywa naye. Kama angenigombeza ningemjibu. Hajanigombeza. Amekaa pale, ana kichwa kinachouma, ananimiminia mimi.

Ajabu ni kwamba Jumamosi ile ni yeye aliyeweka ndimu chini ya magurudumu, kama tunavyobariki chombo kipya. Akapaka tangi alama nyekundu ya kumkum, akavunja nazi kwenye saruji ya maegesho mbele ya Kilonzo, askari wetu. Yote bila neno. Nikazikanyaga ndimu, nikatoka. Mila ni mila, nadhani, hata kwa kitu unachokichukia.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Mama anasoma Kigujarati, na Kiingereza kidogo. Kiswahili chake ni cha sokoni, na hakisomi. Mwalimu wa Kiswahili naye apate faida mahali.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimesimama Westlands kufunga zipu ya koti. Mwanamke mwenye mifuko miwili akapanda nyuma yangu, akatulia, akasema nimpeleke Kitisuru. Nikavua helmeti. Akaona uso, akaona shungi la nywele, akaona kitambulisho cha ualimu shingoni. Hakushuka. Aliniuliza kama basi nitampunguzia bei. Nilimpeleka bure, ni pembeni tu ya njia, na nilichelewa somo la kwanza. Wasichana wa Kidato cha Pili walifurahi sana.

Wale vijana wa bodaboda pale kituoni Loresho sasa wananisalimia. Niaje madam. Mmoja aliomba kusikiliza injini. Akainama, akafumba macho, akasema hii inaongea pole pole kama chifu. Nimeipenda hiyo.

Niseme ukweli hapa, pengine pa kuusema sina. Nina miaka thelathini na tisa na tangu nizaliwe nimekuwa abiria. Gari la Baba, akiwa hai. Kisha gari la kaka yangu Jayesh, au dereva wa Jayesh, ambaye alikuwa akinifikisha shuleni na kunichukua kama kifurushi. Nikitaka kwenda mahali, naomba. Nikitaka kurudi, nasubiri. Jana nilipita Lower Kabete bila sababu yoyote. Miti pande zote mbili, barabara ina maji ya mvua ya usiku, mimi na arobaini yangu kwa saa. Sikumwomba mtu. Sitaki kuirudisha hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa Jayesh, Kitisuru. Mama alichukuliwa na gari. Mimi nikafuata na pikipiki, na askari wa mtaa ule akanielekeza lango la wanaoleta vyakula. Nilibishana. Nikashindwa. Nikaingia kwa lango la pizza.

Baada ya chakula mke wa Jayesh alileta chai. Mama akafunika kikombe kwa kiganja. Wote, mpaka watoto, wakanitazama mimi. Hakuna aliyeuliza. Mwiko. Laiti wangeuliza.

Jayesh akaniita kwenye veranda. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu wa duka la vigae: kitu kina ufa, unakibadilisha. Aliongea habari ya malori, habari ya mvua inayokuja, habari ya umri wa Mama na presha yake. Dereva bado yupo, alisema, hakuna kilichobadilika. Halafu:

"Unataka aache nini tena ndipo uelewe?"

Nilivaa helmeti. Nilirudi nyumbani peke yangu, na kwa mara ya kwanza sikufurahia njia.

Jumanne, 11 Machi

Moto kwa moto. Na mimi nimeacha chai ya nyumbani. Anamimina, siigusi. Inapoa kati yetu mpaka inafanya utando.

Nakunywa shuleni vikombe viwili vya haraka, kwenye chumba cha walimu, nimejificha nyuma ya kabati la ramani. Wairimu, anayefundisha Fizikia na ndiye rafiki yangu pale, amenikuta. Nilipomweleza habari ya badha na mwiko wake, amecheka hadi akakaa. Alisema nyinyi wawili mnafanana, sijui nani atamzika nani. Sikucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna jipya. Mvua ya kwanza ya kweli. Buti zinavuja. Breki ya nyuma inapiga kelele ikilowa.

Mama amepungua. Sari inazunguka mara moja zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Sevisi ya kwanza, kwa fundi wa Kirinyaga Road ambaye bodaboda wa Loresho walinielekeza kwake. Oili ya zamani ilitoka na chembe zinazometa. Nilishtuka. Akasema ni kawaida, ndivyo chuma kipya kinavyokubaliana na chenzake, na kwamba nisipobadilisha sasa ndipo nitalia. Akakaza cheni, akarekebisha klachi, akanisaidia kukaza vioo. Sasa kilicho nyuma ni gari.

Na sasa naruhusiwa kuzidi hamsini. Nimekwenda hadi Uthiru na kurudi. Ikifika sitini kule kutetemeka kunaisha ghafla, kila kitu kinalainika, mikono haina kazi. Niliimba ndani ya helmeti. Naimba vibaya lakini nani asikie.

Nikafika nyumbani. Mama dirishani, ghorofa ya tatu, amesimama palepale nilipomwacha asubuhi. Furaha yote ikanitoka. Nikamchukia kidogo. Nimeandika na sitaifuta.

Jumatano, 19 Machi

Nilikuwa katikati ya somo la ngeli wakati simu ilipotetemeka. Mama Njeri wa mboga, soko la Ngara. Mama yangu amepata kizunguzungu, wamemkalisha juu ya gunia la vitunguu, ana fahamu, anagombana na watu wanaompepea. Nije.

Sijui nilifikaje. Yaani najua: kwa pikipiki, katikati ya magari yaliyokwama kuanzia Kangemi hadi Museum Hill. Kwa gari ningekuwa bado njiani. Nilimkuta na soda mkononi na kundi la wanawake wakimpa ushauri. Alinitazama, akatazama helmeti, akasema kwa Kigujarati kwamba kuna mvua na kwa nini sikuvaa koti.

Daktari anasema si moyo. Anasema Mama hali kifungua kinywa. Nami najua kwa nini. Mama hajui kula asubuhi bila chai. Chapati kavu inamkaa kooni, basi anaacha vyote viwili. Yuko hivyo tangu pikipiki ilipoingia, na mimi niko mezani naye kila asubuhi, nimeshughulika kutokunywa chai yangu.

Jayesh alikuja. Hakusema lolote mbele ya Mama. Mlangoni akasema utamuua kwa kitu cha magurudumu mawili. Kwa sauti ya chini, bila hasira. Afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeshindwa. Nauza.

Nimeweka picha mtandaoni wakati wa mapumziko. Wairimu alinipigia picha zenyewe na kunung'unika muda wote. Alisema angalau nimwulize mama yangu anataka nini hasa. Nikamweleza tena habari ya mwiko. Akasema mwiko wenu una kasoro. Ni mwanafizikia, haelewi. Mimi pia sielewi, lakini nimelelewa nao. Kumwuliza ni kumharibia kile anachomwomba Mungu, na anachomwomba najua, na najua pia kwamba ndicho kinachomwua.

Nimerudi kwa njia ndefu. Waiyaki Way, Loresho Ridge, Lower Kabete, kisha mjini kwa kuzunguka. Mvua ya manyunyu. Nililia kuanzia Spring Valley, ambako hakuna anayekuona. Mtu mzima analia kwa ajili ya chombo. Lakini si chombo.

Mama sijamwambia. Nitamwambia ikishaondoka, ili anywe chai yake bila kunishukuru. Shukrani yake sitaiweza.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike yote leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Mnunuzi alikuja asubuhi. Kijana wa kompyuta kutoka Kileleshwa, mpole, ndevu zimechanwa. Aliizunguka pikipiki mara kadhaa. Akaipiga teke, ikawaka teke la kwanza, msaliti. Tulikuwa maegeshoni na Kilonzo alikuwa amesimama pembeni akijifanya anafagia. Tulikubaliana. Nilikuwa nimeshika ufunguo, nauchomoa kwenye fungu la funguo za nyumba.

Mama akatokea kwenye ngazi. Kandambili za bafuni, miwani kichwani. Huwa hashuki ngazi zile bila kushikwa mkono. Alikuwa ameona kutoka dirishani. Hakuniangalia hata mara moja. Alimwendea yule kijana.

"Wewe nataka nini hapa?"

Kijana akamwamkia vizuri, shikamoo na yote, akasema amekuja kuchukua pikipiki, wameshaelewana na madam.

"Hii hapana uza," Mama akasema. "Mimi iko acha chai kwa hii. Nasema Mungu, chukua chai yangu, chunga mtoto yangu huko barabara. Kila siku enda, kila siku rudi mzima. Mungu iko chunga. Sasa yeye nauza?"

Fagio la Kilonzo likasimama.

Kijana alimtazama, akanitazama, akarudisha helmeti yake kichwani. "Madam, hapo kwa Mungu mimi siingilii," alisema. "Wacha nitafute ingine." Akaondoka kwa miguu hadi lango, kisha akageuka kumpungia Mama mkono. Mama hakumpungia.

Mimi nilikuwa na ufunguo mkononi bado. Sote tulikosea. Mimi, Jayesh, mke wake, wale watoto mezani, majirani wa ngazi nzima. Tulidhani anaomba pikipiki itoke. Alikuwa anaomba mimi nirudi. Ile chai ilikuwa nauli yangu, na aliilipa kila asubuhi huku mimi nikimnunia.

Jumamosi, 22 Machi, jioni

Sijamaliza.

Tulipanda ngazi polepole, nimemshika mkono. Juu aliketi na kunigeuzia hasira zote. Kwa Kigujarati sasa, na Kigujarati chake hakina breki. Kwa nini nauza kitu nilichokipenda. Alidhani nimekichoka, kama nilivyochoka gitaa. Nikamwambia kuhusu gunia la vitunguu, kuhusu Jayesh, kuhusu chai. Kisha akasema hivyo ndivyo Jayesh alivyofikiri? Na mimi pia? Mtu na akili zake, mwalimu, ameona ndimu na nazi kwa macho yake, akadhani mama yake anabariki kitu anachotaka kife?

Nilisema naomba radhi. Alisema pikipiki haipendi, nielewe hivyo. Inamtisha. Kila ikiguruma chini anakuja dirishani. Lakini alinisikia naimba Jumamosi iliyopita. Nilikuwa bado naimba nikiingia langoni. Alisema hajanisikia naimba tangu Baba afariki.

Nimempigia Jayesh. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama kweli Mama alishuka ngazi peke yake.

Jumapili, 23 Machi

Tatizo jipya, na hili ni la kweli. Mama ameisema badha. Ameisema kwa sauti, maegeshoni, kwa Kiswahili, mbele ya mgeni na askari. Haina nguvu tena. Hilo ndilo linalomuumiza tangu jana, si kile kizunguzungu. Chai yote ile imemwagika bure, na mimi kesho naenda barabarani bila chochote mbele yangu.

Nimemwambia nitapanda gari la Jayesh. Alikataa hata kusikia. Nikamwambia nitakwenda polepole. Alisema polepole ni vizuri lakini haitoshi. Nikamwambia basi asiache tena kitu cha asubuhi, daktari amekataza. Alikwenda kwenye chumba chake cha maombi, akafunga mlango, akakaa humo mpaka nikaanza kupata wasiwasi.

Alipotoka alipika chai. Akamimina vikombe viwili. Akanywa chake chote, moto, amefumba macho. Nikanywa changu. Akatia kingine.

Jumanne, 25 Machi

Teke la pili ikawaka. Waiyaki Way imekauka. Nyutro imeanza kunisikia.

Mama ameweka badha nyingine. Najua kwa sababu ametulia. Lakini hasemi, na safari hii amekuwa mjanja. Namchunguza mezani. Chai anakunywa. Chapati amekula, mbili. Wali, dengu, maziwa ya mgando, vyote. Achari ya embe aligusa. Sukari anatia. Wairimu anasema huenda si chakula, huenda ni zile tamthilia zake za jioni, lakini jana alizitazama zote na kulia mahali pa kulia. Kilonzo naye anakisia vitunguu saumu. Nimetazama sufuria. Vimo.

Kuna kitu hakipo katika maisha ya mama yangu kwa sababu mimi napenda kuendesha, na siwezi kukiona.

Siulizi. Leo sikuzidi hamsini, kwenda na kurudi.